Marudio ya Mwezi wa Kumi na Mbili

Jumapili moja baada ya ibada, jirani yangu hapa Busanza alinifuata barazani akiwa ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miezi 14 nyuma: kipimo cha HPV kimeonyesha kirusi kipo, mlango wa kizazi umepakwa siki, pametokea weupe, pamechomwa kwa kifaa cha joto. Ya pili ilikuwa ya wiki ile ile, nayo ilisema kirusi kipo. Mama huyu ni mzaliwa wa Nyamirambo, kwa hiyo sisi wawili huongea Kiswahili. Sikuwahi kumwona akikosa la kusema, lakini siku ile alisimama tu kwenye ngazi. Kisha akasema, "Muganga, kimerudi?"

Nilimvutia kiti. Ndege ilikuwa inashuka uwanja wa Kanombe, na hapa kwetu ndege ikiwa juu ya bati watu hawasikilizani, basi tulikaa kimya mpaka ikapita. Katika kimya hicho nilikuwa nalipima neno lake. Ile ki- yaweza kuwa ya kirusi, yaweza kuwa ya kidonda, na yaweza kuwa ya kile kitu ambacho hakutaka kukitaja kwa jina. Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Karatasi aliyoishika ilijibu moja tu, lile la kirusi. Kuhusu kidonda ilitoa tahadhari. Kuhusu saratani haikusema lolote, na hakuna aliyemweleza hivyo dirishani alipokabidhiwa majibu.

Nimeshughulika na afya ya wanawake muda wa kutosha kujua kwamba mama huyu hayuko peke yake. Siku hizi tunazungumza sana juu ya kupima, na ni jambo jema. Tunazungumza kidogo juu ya matibabu. Lakini kinachofuata baada ya matibabu, yaani nani arudi, arudi lini, apimwe nini na majibu yake yana maana gani, tumekiacha kwa bahati ya mtu na kumbukumbu zake. Kipimo cha HPV baada ya matibabu ni chombo chenye nguvu kwa mwanamke fulani, na kwa mwingine hakijapata kazi. Kosa letu la kwanza ni kutowaambia wanawake wako kundi gani. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba hatuwaiti.

Tuanze na kipimo chenyewe. Hakitazami saratani. Kinatafuta vinasaba vya kirusi katika ute na seli zilizochotwa kwenye mlango wa kizazi au ukeni. Kirusi hiki cha papiloma ni jamii kubwa, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba kiasi cha asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyeufichua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha, na kwa wengi wao mwili hukishinda ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mwenyewe kujua. Hatari iko kwa yule ambaye kirusi kimekaa. Kikikaa, hutengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazowafunga mikono walinzi wa seli, wale ambao kazi yao ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Huo ni mwendo wa polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani, na katikati ya safari hiyo kuna kipindi kirefu cha mabadiliko ya awali, ambapo kidonda kinaweza kuondolewa kwa dakika chache bila kulazwa.

Ndicho kilichofanywa kwa jirani yangu. Hakuwahi kuwa na saratani. Alikuwa na mabadiliko ya awali, yakachomwa kwa joto. Na hapo ndipo kipimo cha HPV cha marudio kina thamani yake kubwa, kwa sababu ambayo mtu yeyote mwenye shamba la migomba ataielewa: ukiukata mgomba, kazi yako ni kutazama baadaye kama pale chini panachipua. Mabadiliko ya awali hayaishi bila kirusi. Kikiondoka pamoja na ngozi iliyochomwa, pamepona. Kikibaki baada ya mwaka, pana kitu kilichosalia, au kuna maambukizi mapya, au kirusi kimelala mahali pa jirani. Kwa vyovyote vile, pale panahitaji jicho la mtaalamu.

Mwaka 2017 Marc Arbyn wa Ubelgiji na wenzake walikusanya tafiti nyingi za wanawake waliotibiwa mabadiliko ya awali na kuchapisha majumuisho yao katika jarida la Lancet Oncology. Waliona kwamba kwa asilimia 6.6 ya waliotibiwa, ugonjwa ulibaki au ulirudi. Kisha wakauliza: ni nini kinachotabiri vizuri zaidi nani atakuwa katika hao? Desturi ya zamani ni kutazama kingo za kipande kilichokatwa. Maabara ikisema kingo si safi, daktari ana wasiwasi. Ikisema ni safi, anapumua. Kwa njia hiyo walinaswa kiasi cha asilimia 56 tu ya wale ambao ugonjwa ungerudi. Kipimo cha HPV kilinasa asilimia 91. Na kwa mwanamke ambaye kipimo chake cha baada ya matibabu hakikuona kirusi, uwezekano wa ugonjwa kuwapo ulikuwa asilimia 0.8. Naomba msomaji aitazame vizuri namba hiyo ya mwisho. Ni mara chache katika kazi yetu kuweza kumwambia mtu habari njema kwa uhakika wa namna hiyo.

Katika nchi zetu jambo hili lina uzito wa ziada ambao vitabu vya Ulaya havikazii. Kule wengi hutibiwa kwa LEEP, njia ya kukata kwa kitanzi cha umeme, na kipande hupelekwa maabara. Huku kwetu, Rwanda na majirani zake, wengi hutibiwa kwa kuchomwa kwa joto, na kabla ya hapo walikuwa wakigandishwa kwa gesi. Ni njia nzuri, nafuu, muuguzi aliyefunzwa anaifanya katika kituo cha afya, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini hakuna kipande kinachobaki. Kilichochomwa kimechomwa. Hakuna kingo za kutazama wala jibu la maabara la kusubiri. Ushahidi pekee kwamba tiba ilifanya kazi ni kile kipimo cha mwezi wa kumi na mbili. Mama asiporudi, hatujui kama tulimtibu au tulimgusa tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema hivyo hivyo: aliyetibiwa mabadiliko ya awali apimwe tena baada ya miezi 12, kwa kipimo cha vinasaba vya HPV pale kinapopatikana, badala ya kutegemea siki au Pap smia, ile ya kusoma seli kwa darubini. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, jibu likiwa safi, apimwe mara ya pili mwaka unaofuata. Uingereza wanapima miezi sita baada ya tiba. Marekani nao wanaanza miezi sita, kisha kila mwaka mpaka majibu matatu mfululizo yawe safi, na baada ya hapo kila miaka mitatu kwa muda usiopungua miaka 25. Msomaji asishangazwe na 25. Tafiti za Sweden zilizofuatilia wanawake kwa miongo kadhaa zilionyesha kwamba aliyewahi kutibiwa kidonda cha daraja la juu hubaki na hatari kubwa kuliko mwenzake kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa sababu hiyo huwa nasikitika ninaposikia mama akisema, "Mimi nilitolewa kizazi chote, nipimwe nini tena?" Kama kizazi kilitolewa kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, fibroidi, sawa, hana la kupima. Kama kilitolewa kwa sababu ya mabadiliko haya, ukuta wa juu wa uke uliobaki ni ngozi ile ile iliyokuwa jirani na kirusi, na unapaswa kupimwa. Wako pia wanawake wachache, vijana, waliokutwa na saratani ndogo sana, na daktari akakata mlango wa kizazi peke yake na kuuacha mji wa mimba ili waweze kuzaa. Kwa hao wataalamu wa Ulaya wanashauri kipimo cha HPV mwezi wa 6, wa 12 na wa 24. Wachache kwetu hufika hospitali mapema kiasi cha kupata upasuaji huo, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nitakaa kwa wale walio wengi, ambao saratani ilishatokea na wakapewa mionzi.

Kutoka Busanza hadi Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ni mwendo mfupi wa moto, yaani pikipiki ya abiria. Vijana wengi wa hapa wanaijua kwa jina la mtaa tu: "Anaenda Kanombe." Kabla ya mwaka 2019 mgonjwa wa Rwanda aliyehitaji mionzi alivuka mpaka, kwenda Uganda au Kenya. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, ilipoharibika kabisa, sehemu kubwa ya kanda ilihisi. Kisha Kanombe wakafunga mashine mbili za kisasa, na wanawake waliokuwa wakisafirishwa nje wakaanza kutibiwa karibu na uwanja wa ndege badala ya kupitia humo. Kituo cha Saratani cha Butaro, kule Burera, kilikuwa kimeshafunguliwa mwaka 2012 na kutoa dawa za saratani. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupanua mituweli, bima ya afya ya jamii, iguse na matibabu ya saratani. Ninayataja haya kwa heshima. Nchi chache za ukubwa wetu zimepiga hatua hizi ndani ya miaka isiyofika 15.

Lakini mwanamke aliyemaliza wiki tano za mionzi na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, akija na kuniuliza, "Muganga, nikapime HPV nijue kama nimepona?", jibu langu ni tofauti na lile nililompa jirani yangu. Kwake kipimo hiki bado hakijathibitishwa kuwa njia ya kufuatilia. Sababu ziko nyingi, na nazitaja kwa sababu nimeona watu wakitoa pesa zao kukitafuta.

Mionzi hubadilisha ngozi. Uke hukauka na kufinyana, mlango wa kizazi hujificha, na kuchota sampuli nzuri kunakuwa kugumu na kunaumiza. Mabaki ya vinasaba yanaweza kuonekana kwa miezi kadhaa baada ya tiba, na mama akaambiwa kirusi kipo wakati ugonjwa unakwisha. Upande mwingine ndio unaonitia hofu zaidi: saratani ikirudi baada ya mionzi, mara nyingi hairudi juu ya ngozi ambapo mswaki wa kipimo unafika. Hurudi pembeni ya nyonga, kwenye tezi, kwenye mapafu, kwenye mifupa. Mama anaweza kuwa na jibu safi mkononi na ugonjwa mgongoni. Tena ziko saratani chache za mlango wa kizazi ambazo hazikuletwa na HPV tangu mwanzo, na kwa hizo kipimo hakina maana yoyote. Hata Pap smia, ambayo wengi wanaiamini, husomwa kwa shida baada ya mionzi kwa sababu seli zilizopigwa mionzi zinatisha kwa sura hata zikiwa hazina ubaya.

Anachohitaji mwanamke huyu ni mtu wa kumtazama na kumsikiliza. Ratiba inayotumika katika nchi nyingi ni kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi sita hadi kumi na miwili mpaka mwaka wa tano. Miaka miwili ya mwanzo imebanwa kwa sababu huko ndiko ugonjwa unakorudi kwa wengi. Na mara nyingi mwenyewe ndiye anayeuona kwanza. Damu inayotoka tena baada ya kukoma, au baada ya tendo la ndoa. Uchafu wenye harufu. Maumivu ya nyonga au kiuno yanayomwamsha usiku. Mguu mmoja unaovimba peke yake, dalili ambayo watu huipaka dawa ya kuchua kwa miezi, na kumbe tezi zimeziba. Kikohozi kisichoisha, kupungua mwili. Mgonjwa anayezijua dalili hizi na aliyeambiwa kwamba mlango uko wazi hata kama siku yake ya kliniki haijafika ana ulinzi mkubwa kuliko aliyebeba jibu la kipimo kisichomhusu.

Huenda mambo yakabadilika. Watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha mwaka 2024 kazi iliyotafuta vinasaba vya HPV ndani ya damu, si ukeni, kwa wagonjwa 70 waliomaliza mionzi na dawa. Waliokuwa bado na vinasaba hivyo katika damu miezi mitatu baadaye walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Wazo lenyewe ni zuri, kwa sababu uvimbe uliojificha popote humwaga vinasaba vyake kwenye damu. Lakini wagonjwa 70 ni wachache, na kujua mapema kuna faida pale tu unapoweza kufanya jambo. Tungoje ushahidi, na tusimuuzie mtu kipimo hicho leo.

Nirudi kwenye kundi la kwanza, maana huko ndiko wanawake wengi walipo na ndiko tunakoweza kuokoa wengi. Kati yao wako wanaohitaji uangalizi wa karibu zaidi: wanawake wanaoishi na VVU. Hatari yao ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya wengine. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake 400 wenye VVU waliotibiwa mabadiliko ya awali. Nusu waligandishwa, nusu walikatwa kwa LEEP. Ndani ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 30 ya waliogandishwa na asilimia 19 ya waliokatwa. Wanawake hao walikuwa wametibiwa na watu wenye ujuzi, tena ndani ya utafiti ambamo kila mmoja alikuwa anafuatiliwa. Tafakari basi hali ya mwanamke aliyetibiwa mara moja, akapewa mkono wa kwaheri, akaambiwa amepona. Hapa Rwanda, Hospitali ya Kijeshi na wenzao wa Marekani wamefanya utafiti mkubwa wa kipimo cha HPV kwa wanawake wenye VVU wa miaka 30 hadi 54, kwa hiyo ujuzi tunao nyumbani. Na kliniki ya VVU tayari inamwona mama huyu mara kadhaa kwa mwaka anapochukua dawa zake. Hakuna sababu ya kumwanzishia safari nyingine. Tarehe yake ya kipimo cha marudio iandikwe kwenye kadi ile ile ya dawa.

Kuna jambo la nyumbani ambalo siwezi kulipita. Jirani yangu alipokwisha kuniuliza lile swali la kwanza, aliinamisha kichwa na kuuliza la pili, lililokuwa zito zaidi kwake: mume wake atasemaje? Mwaka jana alipomweleza kwamba kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, mzee alinyamaza siku tatu. Sasa kimeonekana tena. Kwa mume, "tena" ina maana moja tu.

Nilimwambia, na ninawaambia wanaume wanaosoma hapa, kwamba kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miaka mingi na kuamka bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa. Jibu la HPV halina tarehe. Haliwezi kusema kimeingia lini, kimetoka kwa nani, wala kama ni kile kile cha mwanzo au kingine. Hakuna baraza la ukoo wala mchungaji anayeweza kulitumia kama ushahidi wa uzinzi. Daktari au muuguzi anayetoa jibu hili analazimika kulisema hilo kwa sauti, ikiwezekana mbele ya wote wawili, kwa sababu nimewaona wanawake walioacha kurudi kliniki kwa kuogopa nyumba zao kuvunjika. Hao ndio tuliopaswa hasa kuwapima, na tukawapoteza kwa sentensi moja ambayo hatukuisema.

Sasa nifike kwenye kuhesabu. Mwezi Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hii, na malengo yake yanajulikana kwa namba tatu: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa watibiwe, yote ifikapo 2030. Rwanda imejipa mwaka 2027. Wala si majivuno. Ni nchi hii iliyoanza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2011 kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na mwaka ule ule ikawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana iliowalenga. Wasichana wale wa darasa la sita leo ni wanawake wa miaka ishirini na kitu. Mama zao, dada zao wakubwa, shangazi zao, hao hawakuchanjwa. Hao ndio tunaowapima na kuwatibu sasa hivi.

Katika namba zile tatu, hakuna namba ya waliorudi. Mwanamke akichomwa kidonda chake leo, kitabuni amehesabiwa: ametibiwa. Lengo limesogea. Mwakani asipokuja, hakuna safu ya jedwali inayobaki tupu. Muuguzi hana wa kumuuliza, mganga mkuu hana wa kujibu. Kisichohesabiwa hakidaiwi, na mimi naona hili ni pengo la kweli katika mkakati ambao kwa mengine yote ninauunga mkono. Duniani wanawake kiasi cha 350,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Baadhi yao waliwahi kutibiwa.

Rwanda inaweza kuliziba pengo hili bila kusubiri Geneva. Vifaa tunavyo vingi. Katika kila umudugudu, yaani kijiji, kuna abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wa jamii ambao wanajua nani ana mimba na nani ana mtoto asiyechanjwa. Mfumo wa RapidSMS, uliojaribiwa kwanza Musanze kisha ukasambazwa nchi nzima, uliwawezesha kumfuatilia mjamzito kwa simu ya kawaida hadi ajifungue. Mwanamke aliyechomwa mlango wa kizazi anaweza kuingizwa katika utaratibu wa namna hiyo: tarehe ya tiba, tarehe ya marudio, ujumbe wa Kinyarwanda wiki mbili kabla, na asipofika, mtu wa kumgongea hodi. Ujumbe wenyewe usitaje ugonjwa, maana simu nyingi za nyumbani hushikwa na watu watatu. "Siku yako ya kituo cha afya imekaribia" inatosha. Na jambo hili lisisemwe kamwe kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, kwa kutaja majina. Nimewahi kusikia likipendekezwa kwa nia njema kabisa.

Jambo la pili ni mashine. GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, ina katriji ya HPV inayotoa jibu kwa muda wa saa moja hivi. Mama akipimwa asubuhi na kupewa jibu kabla hajaondoka, hatuna haja ya kumtafuta tena. Sampuli ikienda mbali na jibu likachukua wiki sita, tumejitengenezea kazi ya kumsaka mara ya pili. Hapa Busanza kuna familia zilizohamishwa kutoka mtaa wa Bannyahe na kuletwa katika nyumba za ghorofa. Waliandikishwa kliniki za upande ule, wanaishi upande huu. Wapangaji nao huhama kila kodi inapopanda. Daftari la kituo kimoja haliwezi kuwafuata watu wa namna hii. Namba ya indangamuntu, kitambulisho cha taifa, inaweza, kama kumbukumbu za vituo zitasomana.

Na la tatu halihitaji bajeti. Mwanamke anapotoka kwenye kitanda cha matibabu apewe maneno manne yaliyoandikwa kwa lugha anayoisoma: alikuwa na nini, amefanyiwa nini, arudi tarehe gani, apimwe nini. Karatasi ya jirani yangu ilikuwa na vifupisho saba vya lugha mbili za kigeni. Nilivihesabu nikiwa naye. Tarehe ya kurudi haikuwamo. Alirudi mwezi wa 14 kwa sababu dada yake alifiwa na rafiki kwa kanseri y'inkondo y'umura, saratani hii hii ya mlango wa kizazi, akaogopa.

Nilimjibu hivi: kirusi bado kipo, saratani hajaambiwa kuwa nayo, na kidonda ni lazima kitazamwe kwa darubini ya kolposkopi ili ijulikane kama kimerudi. Safari hii asichomwe tena bila kipande kukatwa na kupimwa. Jumatano tulipanda moto mbili kwenda hospitali ya rufaa. Kidonda kilikuwapo, cha daraja la juu, bado hakijavuka mpaka. Kilikatwa kwa LEEP wiki iliyofuata, na majibu ya kingo yalikuwa safi. Mume alikuja naye siku ya majibu akakaa kiti cha nyuma, akauliza maswali mawili ya maana. Tarehe ya marudio imeandikwa kwa kalamu nyekundu ukutani kwao, chini ya kalenda ya kanisa.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kuchomwa, kugandishwa au kukatwa mlango wa kizazi, itafute karatasi yako leo na uhesabu miezi. Ikiwa imepita 12 na hujapimwa HPV tena, nenda kituo chako cha afya wiki hii na uwaambie: "Nilitibiwa tarehe fulani, nimekuja marudio." Ukiwa ulipewa mionzi, usitafute kipimo hicho, dai siku yako ya kliniki, na damu ikitoka usiingoje.